Mkaratusi Unaokunywa Jioni

Nawaambia mapema, mie sina ugomvi na sayansi. Ugomvi wangu ni na watu wa kitongoji hiki, na wa kwanza wao ni Hamza, Mwenyekiti, ambaye kwa bahati mbaya ni shemeji yangu. Marehemu mume wangu Yusufu alijaliwa akili, mdogo wake akajaliwa cheo.

Tunakaa juu ya mji mdogo wa Soni, unapandisha njia ya miguu mpaka magoti yanaomba radhi. Nyumba yangu ni ya mwisho. Nyuma yake kuna ukingo mrefu wa udongo mwekundu, na kwenye huo ukingo ndiko iliko mikaratusi. Aliipanda Yusufu kwa mkono wake, baada ya mvua moja kuteremsha udongo ukafukia jiko letu na kuku wote waliokuwa wamejikinga humo. Tangu miti ishike, udongo umetulia. Kwa hiyo mtu akiniambia Halima, kata mikaratusi, mie nasikia Halima, hama. Kila likitanda wingu jeusi ukajibanze kwa watu, na uzee huu.

Balaa ni kwamba chini ya ukingo huohuo ndipo ilipo chemchemi. Kitongoji kizima tunakunywa hapo, na mabonde ya kabichi na karoti tunamwagilia kwa zamu kutoka hapo. Miaka ya karibuni chemchemi imekonda. Mwanamke anatega ndoo, anamaliza habari zote za mjini na za ukweni, ndoo bado haijajaa. Sasa maji yakikosekana lazima apatikane mwenye kosa, na Hamza, uchaguzi unakaribia, hakupenda mwenye kosa awe Mwenyekiti.

"Ni mikaratusi ya shemeji," akatangaza mkutanoni. "Inakunywa kuliko ng'ombe."

"Ulishawahi kuiona ikinywa?" nikamuuliza.

"Shemeji, mti hauinamishi kichwa mtoni. Unakunywa kwa siri."

Watu wakatikisa vichwa, yaani hapo Mwenyekiti amenena! Nikamwambia na wewe mambo yako mengi ni ya siri lakini hatujakukata. Pakawa na kicheko, kikafuatiwa na kelele, na mwisho wa kelele ikaamuliwa miti ipimwe. Ikikutwa na hatia, yote chini. Isipokutwa, nibaki nayo na heshima yangu. Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kuning'inia, na ikaning'inia msimu mzima.

Basi akaletwa Dorothea, binti mpole wa watu, amesoma mpaka miwani imeota puani. Kusikia anaitwa daktari, wazee wakajikusanya na magoti yao na vifua vyao. Akawaeleza kwa adabu kwamba yeye ni daktari wa miti. Mzee mmoja akamwambia, hebu utazame tu huu mguu, mbona nao umekauka kama mti. Akautazama, maskini. Malezi mazuri yanaonekana.

"Shikamoo mama," akaniambia. "Samahani, nitautoboa mti wako."

"Marahaba mwanangu. Toboa, ila usije ukaniulia."

Akanieleza taratibu. Anatoboa shina vitundu viwili, kimoja juu, kimoja chini yake. Kila kitundu kinaingia sindano. Ya juu inapashwa moto kidogo kwa umeme, ya chini inaachwa hivyohivyo. Maji yakipanda ndani ya shina yanapita kwenye ile sindano ya juu na kuondoka na joto lake. Sindano ikibaki na moto wake, mti haunywi. Sindano ikipoa, mti unakunywa. Jambo lenyewe ndilo hilo, wala halina uchawi, nami nikalielewa palepale nikiwa nachambua maharage. Halafu akaufunga mti kiunoni kwa foili ya kung'aa, ukapendeza kama bibi harusi, akasimika sola juu ya mlingoti na chini yake boksi la bati lenye betri kubwa. Betri hiyo ndiyo ya kuipasha sindano moto usiku na mchana. Akasema atakuwa anapita mara kwa mara kuchukua takwimu, akaondoka.

Sasa niwaeleze kuhusu umeme, maana bila hilo hamtatuelewa. Nguzo za umeme zilisimikwa hapa kwetu kabla ya uchaguzi uliopita. Nguzo nzuri, zimenyooka, na zenyewe ni za mkaratusi, Hamza hajawahi kuzishutumu. Nyaya ndizo hazijaja. Kwa hiyo nguzo tunafungia mbuzi, na simu tunapeleka Soni kuchajiwa. Wengine huko hukaa mpaka jioni, simu inakunywa umeme na mwenyewe anakunywa anavyovijua.

Faraji, fundi redio, akaja kulitazama boksi. Akalizunguka. Akainama. Akasimama na uso wa mtu aliyeonyeshwa Kaaba.

"Mama Halima," akasema, "hii betri yote ni ya kupasha sindano tu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Dhambi hiyo, wallahi."

Kabla wiki haijaisha Faraji alikuwa amechomoa nyaya mbili na kuzigawa matawi, na kwenye matawi zikaning'inia simu kama maboga. Ya Faraji, ya mkewe, ya imamu, ya mwalimu. Ya Hamza iliwekwa juu ya zote, maana ni kiongozi. Mimi simu yangu ni kitochi, ile ndogo ya vitufe, naichaji Soni siku ya gulio, nasahau, sikuhitaji umeme wa mtu. Lakini sikuwafukuza, na niseme kwa nini. Tangu Yusufu aondoke, ua wangu ulikuwa kimya mpaka nilikuwa nasalimiana na mbuzi. Watoto wako Tanga na Dar, wanapiga simu siku ya Idi. Ghafla kila jioni ua umejaa! Shikamoo bibi, shikamoo mama, umeshindaje, leo umepika nini. Watu wamekaa kwenye mizizi ya ule mti wanaoutaka ukatwe, wanangoja simu zijae, wanapiga soga. Nilifurahi, jamani. Nikawachemshia viazi.

Dorothea hakujua. Gari lake husikika likilia kwenye kona ya chini muda mrefu kabla mwenyewe hajapanda kwa miguu kutufikia, na Faraji alikuwa na mikono myepesi. Binti akifika anakuta boksi limefungwa, mti umevaa foili yake, na wananchi wametawanyika wakitazama mawingu. Akawa anatusifu. Sehemu nyingine, alisema, watu wanaiba vifaa.

Ikafika siku ya matokeo. Tukakusanyika barazani kwa Hamza. Sikuwa nimelala. Nilivaa khanga mpya, kama nakwenda kuhukumiwa nihukumiwe nimependeza. Dorothea akabandika karatasi kubwa ukutani, ina mstari unapanda na kushuka kama barabara ya Mombo kuja Lushoto.

"Nimeshangaa," akaanza. "Mchana mti huu unakunywa kawaida. Lakini jioni, jua likizama, unakunywa kuliko nilivyowahi kuona mti wowote. Na miti mingi jioni hupumzika."

Barazani pakasikika mnong'ono. Hamza akanyoosha kola yake.

"Tazameni hapa," akaendelea akigusa karatasi. "Hapa sindano imepoa kabisa mpaka karibu na asubuhi. Yaani maji yamepita kwa nguvu usiku kucha. Ilikuwa Jumamosi ile."

Jumamosi ile ilikuwa mechi ya watani wa jadi. Kitongoji kizima kilijaza simu ili kiangalie, na waliofungwa wakajaza tena ili watukanane na ndugu zao wa Dar.

"Na hapa pia, mkesha wa Idi. Nilidhani labda betri inaishiwa kwa sababu ya ukungu wenu huu, sola haipati jua. Lakini ukungu hauji jioni tu. Ndugu zangu, kama kuna mtu anajua jambo, anisaidie."

Mnajua kimya cha watu wanaojua? Imamu akatazama ndevu zake, mwalimu akatazama dari, Faraji akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuelezwa. Sindano imepoa kwa sababu chakula chake kimeliwa na simu. Mkaratusi wa watu umekaa zake umepumzika, sisi ndio tulikuwa tunakunywa.

Hamza akasimama upesi.

"Daktari amemaliza kazi yake, tunamshukuru sana. Mti umejishtaki wenyewe. Mlevi wa jioni! Napendekeza mashoka yaanze kesho."

"Kesho!" wakaitikia.

Jamani, hasira! Watu niliowapikia viazi! Nikawatazama mmoja mmoja, hakuna aliyeinua jicho. Nilijua pia kwamba nikifungua mdomo, kesho uani kwangu atakuja mbuzi peke yake. Lakini mashoka yalikuwa kesho, na ukingo uko mgongoni kwa nyumba yangu, si yao.

"Daktari, mwanangu," nikasema, "hawa wanachaji simu kwenye boksi lako. Kila jioni. Sindano yako imepoa kwa kukosa umeme, si kwa maji."

Loo! Mngesikia kelele. Sisi? Simu? Mama Halima umri umekwenda. Mama Halima anatetea miti ya marehemu, tumsamehe. Mwalimu akasema hata hajui boksi lilipo. Hamza akaweka mkono kifuani.

"Daktari, mimi kiongozi wa watu, simu yangu mwenyewe imezima tangu juzi. Ningekuwa nachaji, si ingekuwa inawaka?"

Nikatoa kitochi changu. Nikabonyeza namba yake mbele ya wote, bila haraka.

Mfukoni mwa Mwenyekiti sauti ya Faraji, aliyomrekodia iwe mlio wa simu, ikavuma, kwa mwangwi kama wa kipaza sauti cha kampeni: "Mheshimiwa, pokea simu! Wananchi wanakuhitaji! Mheshimiwa, pokea simu!"

Hamza akajipapasa mfuko wa kushoto, simu iko wa kulia. Akaipata, akabonyeza siko, ikazidi kelele. Watu wakacheka mpaka wengine wakashika nguzo za baraza. Hata Dorothea alicheka, kisha nikamwona anavua miwani na kufuta macho, na hakikuwa kicheko tena. Msimu mzima wa kazi yake umeharibika.

"Basi," akasema kwa sauti ndogo. "Takwimu hizi hazifai. Miti haiwezi kukatwa kwa hizi. Nitaanza upya, na safari hii boksi nitalifunga kwa kufuli. La sivyo niling'oe niondoke."

Kusikia kung'oa, kicheko kikakatika. Niliona wanavyotazamana. Boksi liondoke? Warudi kupanda na kushuka Soni kutafuta chaji? Na katika muda wa kumeza mate, wananchi wale wale waliokuwa wananoa mashoka wakageuka wapenzi wa elimu. Utafiti uendelee! Miti isiguswe! Mwalimu aliyekuwa hajui boksi lilipo akasema ni urithi wa vizazi. Imamu akasema kuharakisha hukumu si uungwana. Na Hamza, huyo sasa ndiye kiboko, akasimama na simu yake mkononi akasema kufuli sawa, lakini ufunguo ukae na wananchi, kwa ajili ya usalama. Ikaundwa hapohapo Kamati ya Ulinzi wa Mti. Mwenyekiti wake Hamza, katibu wake Faraji. Wakala kiapo mbele ya binti wa watu kwamba hakuna simu itakayosogea.

Nami nilinyamaza. Miti yangu imepona, nikajiambia, Halima unataka nini tena.

Kamati ilianza ulinzi jioni ileile. Walilinda kwa bidii ambayo sijawahi kuiona katika kazi yoyote ya kitongoji hiki. Kila jioni wako uani kwangu, ufunguo umo kwenye kufuli, kufuli limening'inia wazi, simu zimerudi kwenye matawi yake. Safari hii Hamza naye hakusema yake imezima. Akanipigia saluti, akaniita mlezi wa utafiti. Ua ukajaa kuliko zamani. Wakaanza kuja hata watu wa ng'ambo ya bonde, na simu za shemeji zao.

Nikawa nashinda nauangalia ule mti na foili yake. Msiniulize nilikuwa nautafuta uso wa nani. Nilikuwa najiuliza swali moja tu, na naliuliza kwa kuogopa: je, ni kweli? Maana chemchemi ilikuwa inazidi kukonda. Simu zimethibitika, sawa, lakini simu hazinywi maji. Kuna kinachoyanywa. Huenda ni mashamba yaliyofyekwa huko juu. Huenda ni mvua zenyewe zimebadilika. Na huenda, Mungu anisamehe, ni mikaratusi ya Yusufu. Hakuna aliyekuwa anajua, na sasa palikuwa na kamati nzima ya kuhakikisha hakuna atakayejua.

Siku moja, ilikuwa Ijumaa, wametoka kuswali wakapitiliza kwangu na kanzu zao. Wamekaa, wamejaa, mmoja anacheza video ya vichekesho na wote wamemwinamia.

"Shemeji," Hamza akaita, "leo hata chai hakuna? Wageni hawa."

Nikachukua ndoo nikashuka. Pale chini nikamkuta Salama, mke wa Faraji, amechuchumaa na mtoto mgongoni. Hategi ndoo, anachota kwa kikombe. Anakwangua kwa kikombe, anangoja, anakwangua. Maji yenyewe rangi ya ukuta wa udongo.

"Tangu lini uko hapa?" nikamuuliza.

"Kabla ya adhana, mama."

"Na mumeo yuko wapi?"

Akainua kidevu kuelekea juu, kwangu. Wala hakulalamika. Ndicho kilichoniuma, kwamba hakulalamika. Nikamwachia ndoo yangu pale, nikapanda mikono mitupu.

Nilipofika uani walikuwa wanacheka bado. Nikaingia ndani nikatoka na panga. Hamza aliponiona akadhani nakwenda kuchanja kuni za chai, akanisogezea njia kwa heshima. Nikalifikia boksi. Zile nyaya za Faraji, matawi yote yale, nikazishika kwa mkono mmoja kama unavyoshika mchicha, nikakata chini ya ngumi. Simu zikaanguka paa, paa, paa, zingine kwenye mawe. Ah, raha niliyoisikia!

"Mama Halima!" Faraji akapiga yowe. "Umechanganyikiwa?"

"Nimechoka. Mkeo anakwangua tope kwa kikombe huko chini, na wewe katibu wa ulinzi unaangalia vichekesho. Tokeni uani kwangu."

Hawakutoka mara moja, walikuwa wanaokota. Nikachomoa ufunguo, nikafunga kufuli, nikaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga. Hamza akanijia karibu, sasa hana saluti, amekuwa shemeji tu.

"Unajua unachokifanya?" akaniuliza. "Sisi tulikuwa tunakulindia. Sindano ikisema kweli, huenda ikasema ni miti yako. Na hapo hutakuwa na simu ya kuisingizia. Itakatwa, Shemeji. Yote. Na ukingo ule ukishuka, utalala wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa maneno makali, ninayo mengi, lakini nikalishusha panga chini. Maana alikuwa amesema jambo la kweli, mara moja katika maisha yake, na alilisema akiniangalia usoni kama Yusufu alivyokuwa akiniangalia.

"Sijui nitalala wapi," nikamwambia. "Nenda nyumbani, Hamza. Chukua ndoo ushuke chemchemini."

Uani pamenyamaza tangu siku hiyo. Wakipita njiani wananisalimia kwa mbali, kwa sababu shikamoo haina budi. Salama peke yake ndiye anayekuja, tunakaa, anamnyonyesha mtoto, tunaongea au hatuongei. Boksi limefungwa. Jua likizama naweka kiganja juu ya ile foili, najua sitasikia kitu, sindano iko ndani kabisa. Naweka tu.

Dorothea alipokuja nikampa ufunguo mkononi. Nikamweleza yote, nyaya, kamati, kikombe cha Salama. Akanishika mikono miwili, akataka kusema asante, nikamkatiza.

"Ipime, mwanangu, mpaka uridhike," nikamwambia. "Na ukikuta ni yenyewe inayokunywa, usiende barazani kwa Hamza. Njoo uniambie mimi kwanza, niiage."